Barua inasema nimekuwa "recruited": ndiyo nimeajiriwa, ama bado?

BintiLikoni

Asalam aleikum wanabaraza. Swali langu ni la Kizungu lakini jawabu nalitaka kwa Kiswahili, maana hicho Kizungu ndicho kilicholeta vita nyumbani.

Nimemaliza kozi ya usalama wa baharini ya STCW (kanuni za kimataifa za mafunzo ya mabaharia), pasi ninayo, kitabu cha ubaharia ninacho. Juzi nikapewa barua na ofisi moja ya mjini inayosema inapeleka watu melini. Ofisi yenyewe siitaji. Juu ya barua pana picha ya meli ya watalii, chini pana muhuri wa buluu na mstari wa kutia sahihi. Sentensi ya kwanza yasema nimekuwa "recruited" kazi ya msaidizi wa jikoni. Sentensi ya pili yasema nilipe shilingi 65,000 za "recruitment", kisha nitapangiwa meli.

Sasa nyumbani hapalaliki. Mjomba, aliyekuwa karani zamani, ashakata shauri: neno hilo maana yake ni kuajiri, kazi nimepata, pesa zitafutwe kabla nafasi hajapewa mwengine. Kaka yangu yeye asema la, hiyo ni kuandikishwa tu kama makurutu wa jeshi. Mamangu hataki ubishi wa Kizungu. Auliza mshahara ni kiasi gani na mlipaji ni nani, na hayo mawili barua haikuyasema.

Kamusi ya simuni imenipa maneno matatu kwa mpigo: ajiri, sajili, andikisha. Lipi ndilo? Na mtu akishakuandikia hivyo, waweza kusimama mahali ukasema mimi ni mwajiriwa? Naomba mnaojua, si mnaobahatisha. Mjomba ataka kukopa kwenye chama chao Ijumaa hii.

Dulla_Bondeni

Hongera dada! Recruit ni kuajiri, hakuna maneno. Nafasi za melini haziji kila siku, lipa upande. Ukifika Miami utukumbuke.

StuadiMkongwe, Mwembe Kuku

Dulla, yakhe, haraka ya nini? Pesa si zako.

Binti, waalaikum salaam. Mimi nilikuwa chifu stuadi melini, mkuu wa wahudumu. Siku hizi baada ya Alasiri huketi barazani nikiwasomea vijana makaratasi yao. Barua za aina hiyo nimeziona, na karibu zote zaegemea neno hilo hilo, kwa kuwa lina kishindo na haliahidi kitu.

"Recruit" si kuajiri. Ni kutafuta watu wapya na kuwatia kwenye kundi lililopungukiwa, liwe jeshi, timu, chama, meli, hata genge la wezi. Likiwa kitenzi ni hiyo kazi ya kusaka na kuingiza. Likiwa jina ndiye huyo mgeni aliyeingizwa, kurutu. Kuajiri ni jambo jengine: pana mwenye kazi, pana mfanyaji, pana ujira, na pana mapatano ya pande mbili. Mtu aweza kuku-recruit asubuhi na asikuajiri maisha yake yote, kwa sababu kazi ya kukupa hana. Ametumwa watu tu.

Asili yake yafaa kuijua, japo Dulla atasema nazungusha. Waingereza walilitwaa kwa Wafaransa katika karne ya 17, na kwa Wafaransa lilitokana na kitenzi cha kukua tena, ambacho nacho ni cha Kilatini. Kikosi kilichopukutika vitani kikiletewa vijana wapya, kimekua tena. Ndiyo maana katika vitabu vya Kizungu vya kale utamkuta mgonjwa aki-recruit nguvu zake, yaani zinamrudia. Neno basi lilikuwa likitazama kikosi kinachojazwa. Huyo kijana anayejaza, atalala wapi na atalipwa nini, hayo hayamo.

Wakitaka kusema kuajiri wana "employ", hilo ndilo penyewe. "Hire" nalo ni kuajiri, ingawa kwa Mwingereza linanuka kazi ya muda mfupi, na hata gari la kukodi hulitumia. "Enlist" ni mtu kwenda mwenyewe kujiandikisha, mara nyingi jeshini. "Conscript" ni kuchukuliwa kwa nguvu ya sheria, upende usipende. Anayekuandikia barua ya kazi akaruka "employ" akachagua "recruit", aidha hakijui Kizungu, aidha anakijua sana.

Nenda pale feri upande wa kwenu, umtazame manamba, yule mwita abiria, anavyoita "Ukunda, Ukunda, wa mwisho mmoja". Anajaza matatu. Matatu si yake, usukani si wake, na gari likishang'oka yeye abaki kituoni na chake mkononi. Ejenti wa mabaharia ndiye huyo. Sisemi ni mtu mbaya. Kazi yake ni ya halali na meli nyingi hupata watu kwa mkono wake. Lakini habari za safari wamuuliza dereva, hukai ukamuuliza manamba.

Sasa tuje kwenye makaratasi. Upo Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, sisi twauita MLC. Ulianza kutumika duniani 2013 na Kenya iliuridhia 2014. Yako mambo mawili ndani yake yanayokuhusu wewe leo.

Kwanza hizo pesa. MLC yasema baharia asitozwe ada ya kutafutiwa kazi wala ya kupangiwa meli, si nzima si nusu, si waziwazi si kwa mlango wa nyuma. Wewe wajilipia cheti cha afya cha kisheria, kitabu chako na pasi, basi. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Kwa hivyo hizo 65,000, bora wangezipa jina jengine lolote. Kuzipa jina la "recruitment" ni kuandika kosa lao kwa mkono wao na kulipigia muhuri.

Pili, karatasi inayokuajiri. Hiyo ni mkataba wa ajira ya baharia, na barua yenye picha ya meli haiwezi kukaa mahali pake. Mkataba huwa na jina lako kamili, tarehe na pahali ulipozaliwa, jina na anwani ya mwenye meli, cheo utakachofanyia kazi, mshahara au namna unavyohesabiwa, likizo, namna ya kuuvunja, matibabu, na haki yako ya kurudishwa kwenu. Watia sahihi wewe, na mwenye meli au mwakilishi wake, na kila mmoja abaki na nakala iliyotiwa sahihi. Kabla ya kutia yako una haki ya kuusoma na kuutafutia ushauri. Ofisi ikikwambia tia hapa hapa, mwenzio yuko mlangoni angoja, hiyo haki washaila.

Nilikuwa nikiwapokea wageni melini. Kijana apanda ngazi na begi, uso umemsawajika kwa ndege ya usiku, na jambo la kwanza kuulizwa ni makaratasi: mkataba, pasi, kitabu, cheti cha afya, vyeti vya kozi. Vyatiwa kwenye bahasha na kupelekwa kwa kapteni. Sikuwahi kumsikia kapteni akiuliza barua ya ejenti yasemaje. Hana haja nayo. Yeye ataka kujua mtu huyu yuko kwenye mshahara wa nani.

Kwa hivyo mamako, bila ya Kizungu chochote, ameuliza yale ambayo mkataba wafaa kuyajibu. Nisalimie.

Na nijibu kitu kimoja: neno lenyewe limeandikwaje hapo baruani? Nitajie herufi zake.

BintiLikoni

Shikamoo mzee. Nimeitoa barua nikaitazama upya. Juu kabisa ni "RECRUTMENT". Ndani ni "recruitement". Kwenye muhuri ndiyo "recruitment". Mjomba asema hicho ni Kizungu cha Marekani.

StuadiMkongwe, Mwembe Kuku

Marahaba. Marekani na Uingereza hugombana kwa maneno mengi lakini hilo huliandika sawa. Mjomba mpe kahawa, umwache apumue.

MwalimuWaKisauni

Naomba niingie hapa, kwa kuwa neno hili nimelisahihisha kwenye madaftari mpaka kalamu ikakauka.

Tahajia: kwenye "recruit" u na i zafuatana, kama zilivyo kwenye "fruit". Ukiyaweka maneno haya mawili pamoja kichwani hukosei tena. Matamshi: uzito wakaa silabi ya pili daima, liwe jina au kitenzi. Wanafunzi wangu hudhani lina tabia ya "record", ambalo uzito wahama kulingana na kazi ya neno kwenye sentensi. Hili halihami.

Kosa ninalolikuta zaidi ni la nani atenda na nani atendwa. Mtu aandika "I recruited in the navy" akimaanisha alijiunga. Hapana. Anaye-recruit ni yule mwenye kutafuta watu. Wewe uliyetafutwa lazima useme "I was recruited". Ukitaka kusema ulijiunga kwa miguu yako, tumia "joined" au hilo "enlisted" alilolitaja mzee. Halafu vihusishi: watu huwa recruited "into" jeshi au kundi, "as" cheo fulani, "for" kazi fulani, "from" mahali walikotoka. Na "new recruit" wako walimu wanaolipiga mstari mwekundu, eti kurutu tayari ni mpya, mpya wa nini tena. Mimi siligusi. Waingereza wenyewe hulitumia kila siku.

Ama Kiswahili chake, mimi simpi mwanafunzi neno moja, nauliza kwanza ni nani amtwaa nani. Bandari FC ikichukua mchezaji, huyo amesajiliwa. Jeshini ni usajili wa makurutu, na jirani zetu Watanzania husema kuruta. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kilifi wakiandika kwamba wame-recruit watoto kwa utafiti, wazazi wasishtuke, hakuna mtoto aliyepewa kazi. Wameandikishwa washiriki utafiti, kwa idhini. Na magazeti yakiandika habari za vijana wetu na al-Shabaab, hapo hakuna daftari wala fomu. Hapo ni kushawishiwa na kuingizwa. Yote hayo kwa Kizungu ni neno moja, ndiyo sababu kamusi ilikumwagia matatu, na ingekuwa kubwa zaidi ingekumwagia matano.

Kaka yako kwa hiyo amekaribia kuliko mjomba. Kurutu wa KDF, jeshi letu la Kenya, anayepelekwa Eldoret mafunzoni ameshaitwa, ameshapimwa kimo na meno, ameshavaa buti, na bado kuna kuhitimu mbele yake. Na usajili huo KDF hutangaza kila mwaka kwamba ni bure, lakini hukosi kusikia kijana aliyeuziwa barua ya kuitwa, akaipeleka mpaka langoni mwa kambi.

MjukuuWaKaya

Mwalimu, umesema "kwa idhini" nikacheka kidogo. Sisi Wagiriama neno hilo lilitufikia bila ya idhini.

Mwaka 1912 Waingereza walimleta ofisa wao Arthur Champion kwetu. Alitaka kodi, na alitaka vijana wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu na ya serikali. Kwenye makaratasi yao hiyo ilikuwa ni "labour recruitment". Mwanamke wa kwetu, Mekatilili wa Menza, akazunguka vijiji 1913 akiwaambia watu wasitoe watoto wao. Wakamkamata, wakampeleka mpaka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Agosti 1914 wakailipua Kaya Fungo, kaya yetu takatifu, kwa baruti. Vita vile havikutokana na vijana peke yake, kulikuwa na ardhi na kodi pia, ila ukimuuliza mzee wa kwetu atakwambia kwanza habari ya vijana.

Kisha ikaja vita ya Wajerumani, ile ya kwanza ya dunia. Serikali ikataka wapagazi, na 1915 ikatunga sheria ya kuwachukua watu kwa lazima. Jina lake kwa Kizungu ni Native Followers Recruitment Ordinance. Mzee Stuadi ametufundisha kwamba kuchukuliwa upende usipende ni "conscript". Basi tazameni sheria yenyewe ilivyojiita. 1917 wakampa John Ainsworth kazi ya kukusanya wapagazi kwa wingi, na huo ukawa msako hasa. Waliokufa kwa maradhi na njaa wakibebea jeshi mizigo ni makumi ya maelfu, wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yameachwa na jina la jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps. Na hapa Mombasa sanamu zao ziko barabarani, Jomo Kenyatta Avenue, zinapitwa na mikokoteni kila siku. Mmoja wa wale wa shaba ni mpagazi, hana bunduki. Wengi wapita hapo wakidhani wote ni askari.

Kwa hivyo dada, neno hilo likija na muhuri, sisi wengine twauliza mara mbili.

Tanga_Raha

Salamu kutoka ng'ambo ya Lungalunga. Huyo "manamba" wa mzee Stuadi kwetu ana maana yake nyingine. Enzi za mkonge, wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, iliyoanzishwa 1944. Watu waliletwa kutoka mikoa ya mbali, kwa malori na treni, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Babu yangu alikuwa mmoja wao na jina hilo alilichukia. Ukimwita hivyo kwa mzaha alinyanyuka akaenda zake.

Ila niseme la haki: kibarua wa SILABU alikuja na karatasi inayotaja muda wa mkataba. Sijui ofisi ya dada kama yafika hapo.

Dulla_Bondeni

Yote sawa, historia nzuri, lakini mbona wako watu wamelipa na wameenda? Namjua kijana wa mtaa wetu alitoa pesa kwa ejenti, yuko melini saa hizi, kajenga kwao Kisauni. Angengoja MLC angekuwa bado yuko maskani anatafuna muguka.

StuadiMkongwe, Mwembe Kuku

Dulla, hilo ni swali la haki na sitalikimbia. Wapo waliolipa wakaenda. Mimi mwenyewe nimewapokea.

Nikueleze niliwaonaje. Mgeni aliyeingia na deni humjua kwa kutosema. MLC inampa mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na 77 kwa wiki. Saa hizo huandikwa kwenye karatasi na mwenyewe akatia sahihi. Kijana anayedaiwa na chama cha mjombake utamletea karatasi imeandikwa kwamba amelala saa 10, na wewe umemwona kwa macho yako alfajiri akisugua masufuria yale yale uliyomwachia usiku. Atia sahihi. Wamuuliza, we vipi? Akwambia chifu, niache, sitaki kurudishwa. Mwenzake aliyeingia bure agoma, aita ofisa, apewa usingizi wake. Jiko ni moja, mkataba ni mmoja, na meli haijui nani alilipa nani hakulipa. Tofauti yao iko kwenye simu wanazopigiwa kutoka nyumbani.

Kisha hesabu ya msaidizi wa jikoni si hesabu ya kapteni. Mishahara yake ya mwanzo yaenda kwa ejenti na riba ya chama. Nyumba ya huyo jamaa wa Kisauni naiombea baraka, ila hukutuambia alianza kuijenga lini.

Na hao ndio waliofika. Waliolipa wasifike hawana nyumba ya kukuonyesha, kwa hivyo huwaoni.

Binti, sasa fanya hivi, na usingoje Ijumaa. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, makao yake makuu yako hapa hapa Mombasa. Nenda kwa miguu yako ukaulize kama ofisi hiyo ina leseni ya kutafutia mabaharia kazi. Usiulize kama "imesajiliwa", maana hata duka la chipsi limesajiliwa. Uliza leseni ya kazi hiyo, na yamalizika lini. Ingekuwa ni kazi ya nchi kavu, Saudia au Qatar, ningekupeleka kwa NEA, mamlaka ya ajira ya taifa, ambao ndio wenye daftari la maejenti wa huko. Mabaharia ni KMA. Wajanja hupenda kukuonyesha karatasi ya mlango huu ukiwauliza ya mlango ule.

Kisha waandikie hao wenyewe. Mwenye meli ni nani na yuko wapi, wakupe nakala ya mkataba uisome nyumbani, na hizo 65,000 ni za nini, wakueleze kwa maandishi.

BintiLikoni

Nawaandikia vipi kwa Kizungu bila kuonekana nina kiburi? Mwalimu nisaidie.

MwalimuWaKisauni

Kwani wao ni wazungu? Waandikie Kiswahili. "Kabla ya kulipa chochote naomba jina na anwani ya mwenye meli, na nakala ya mkataba wa ajira niisome." Mistari miwili, tarehe, jina lako. Wakikujibu kwa Kizungu utakileta hapa.

BintiLikoni

Mrejesho, maana mmeniuliza wengine kwa ujumbe wa pembeni.

Niliwaandikia jana asubuhi vile vile alivyosema mwalimu. Mchana nikapigiwa simu, si barua. Sauti ya mwanamke, mpole sana, aniita "my dear". Asema mkataba hupewa mtu uwanja wa ndege siku ya safari, ndivyo utaratibu ulivyo, na jina la meli ni siri ya kampuni mpaka malipo yaingie. Nikamwambia basi aniandikie hivyo hivyo alivyosema. Akasema atanipigia. Hajapiga.

KMA nimekwenda leo na kaka. Tumeacha jina la ofisi kwa maandishi, wamesema watatujibu. Nimeulizia pia maejenti wenye leseni, na huko ndiko nitakakopeleka vyeti vyangu. Mjomba amenuna, asema Kizungu cha siku hizi kimeharibika, lakini mkopo hakuchukua. Mama yeye hakusema kitu, amenipikia mahamri tu.

Nina swali dogo la mwisho, mzee Stuadi: ile ofisi iliniambia na cheti cha afya watanifanyia wao kwa daktari wao. Hicho si ndicho umesema najilipia mwenyewe? Naweza kukifanya popote?

StuadiMkongwe, Mwembe Kuku

Wajilipia, ndiyo, lakini si popote. Baharia hupimwa na daktari aliyeidhinishwa kupima mabaharia, na KMA ndio watakaokutajia majina yao, kwa hivyo ukirudi kuchukua jibu lako uliza na hilo. Chenyewe hudumu miaka miwili, mtu akiwa chini ya umri wa miaka 18 ni mmoja. Usikifanye leo kama huna meli, miaka yake itaanza kuhesabika nawe umekaa Likoni. Ngoja ejenti wa halali akuonyeshe mkataba kwanza. Na macho yapimwe vizuri pamoja na rangi. Kwa watu wa jikoni si lazima sana kama kwa watu wa juu kwenye usukani, ila ukitaka kubadilisha idara huko mbele utakumbuka nilikwambia.